Shada la mlangoni kwa majani ya mkungu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi Pangani na watoto wangu wawili, mume wangu na mama yake. Krismasi hii natamani kutundika shada la majani mlangoni, lakini yale ya plastiki ya dukani siyawezi, nina shilingi 5,000 tu. Mwaka jana nilifunga matawi ya mvinje, wiki haikuisha yakapukutika yote. Halafu mama mkwe anasema shada ni la msibani, nisilete mkosi nyumbani. Nifanyeje? (Msomaji, Pangani)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mvinje achana nao. Ule ukijani wake ni vijitawi vyembamba vyenye pingili, na vikikauka hukatikia penye pingili, hata ufunge vipi.

Wewe uko pwani, tafuta mti wa mkungu. Majani yake hugeuka mekundu, mengine rangi ya chungwa, kabla ya kudondoka, na wekundu ule sijauona kwenye plastiki yoyote. Anza kuokota sasa, usingoje Desemba, maana si kila wiki utapata mazuri. Toka asubuhi kabla watu hawajafagia, chagua yaliyoanguka usiku, bado laini, yasizidi urefu wa kiganja. Makubwa yatalimeza shada lote.

Yafute mchanga, yapange kati ya magazeti bila kupandana, kisha weka ubao na ndoo ya maji juu yake. Hewa ya bahari ina unyevu, kwa hiyo badilisha magazeti kila baada ya siku mbili, la sivyo yataota ukungu. Baada ya wiki moja hadi siku kumi yatakuwa yamekauka bila kujikunja. Hapa ndipo fedha yako itumike: nunua gundi nyeupe ya mbao, kopo dogo kabisa, changanya nusu kwa nusu na maji, upake jani pande zote mbili. Ikikauka haionekani, ila jani linang'aa kidogo na halivunjiki ovyo.

Duara lake tengeneza kwa chelewa, zile njiti za majani ya mnazi. Chomoa kama 60 kwenye kuti bichi, zinapinda vizuri. Za fagio la zamani ziloweke kwanza usiku kucha. Zipishanishe, upande mnene wa moja ukutane na ncha ya nyingine, ndipo duara litoke na unene ule ule pande zote. Upana wa sentimita 30 unatosha. Funga kwa kamba ya katani kila baada ya vidole vinne. Huko kwenu Pangani ndiko mkonge ulikopandwa kwanza nchini, mwaka 1893, na mimi huumia nikiona watu wa Tanga wananunua utepe wa plastiki kutoka ng'ambo.

Kisha shika majani matatu matatu, funga vikonyo pamoja, yalaze juu ya duara na uyakaze. Fungu linalofuata lifunike vikonyo vya lile la kwanza, yote yakielekea upande mmoja, mpaka uzunguke. Usibandike kwa gundi, kwenye joto letu itaachia.

Kuhusu mama mkwe, usimpuuze. Shada tulilolizoea ni lile la maua linalowekwa kaburini, na ana haki kushtuka kuliona mlangoni kwake. Lakini makuti ya mnazi si tunayafunga langoni penye arusi, na hakuna anayelia? Mwombe akusukie ukili wa miyaa yenye rangi, ule mkanda wa kushonea mikeka, hata kipande kifupi, uuzungushe kwenye duara. Maua meupe usiweke hata moja. Likiwa na mkono wake na rangi zake, nadhani atalitundika yeye mwenyewe.

Litundike penye kivuli, jua la moja kwa moja hufifisha wekundu. Na mshumaa au koroboi visikaribie kabisa, majani makavu hushika moto upesi. Sikukuu zikiisha kata kamba, tupa majani, duara liweke juu ya kabati kwa mwaka ujao.