Baiskeli na mizigo hadi msitu wa Pugu

Ndugu, umeuliza njia ya siku mbili kutoka Dar kuuzunguka msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, baiskeli ikiwa na mizigo. Inawezekana, ila Barabara ya Nyerere ndiyo kero yenyewe. Kuanzia Ukonga hadi Gongo la Mboto daladala zinakuchomekea kila kituo, kwa hiyo toka alfajiri, ikiwezekana Jumapili.

Ukifika Pugu Kajiungeni, shika ya Kisarawe. Hapo ndipo mlima unapoanza. Mimi mara ya kwanza nilibeba kila kitu kwenye keria ya nyuma, gurudumu la mbele likawa linaninginia, nikashuka nikasukuma huku watoto wa shule wakinihesabia hatua. Gawa mzigo: vizito chini, na kidogo mbele.

Msituni kwenyewe lipia kwanza kwa watu wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) na uulize njia zipi baiskeli inaruhusiwa. Mvua ikinyesha, udongo unajaa kwenye matairi mpaka breki zinagoma, masika usijaribu. Mapango ya popo kwenye machimbo ya zamani yaendee na mwenyeji.

Lala Kisarawe. Kurudi, usirudie njia ileile: teremka Kajiungeni, kata kwenda Chanika, kisha Msongola, Mbande, utokee Mbagala. Ni mzunguko mrefu kidogo, lakini una mikorosho na miembe ya kupumzikia. Tyubu za akiba beba mbili, siyo moja.