Maswali ya Wasomaji: Simu Iliyobaki Ng'ambo ya Ruvuma

SWALI: Fundi, mwanangu, nakusalimu kutoka Mikindani. Mwezi uliopita nilikwenda Kilambo, kando ya mto Ruvuma mpakani na Msumbiji, kumwuguza dada yangu, nikakaa huko wiki mbili. Mtandao ulikuwa ukikatikakatika, basi kijana mmoja pale kivukoni akaichukua simu yangu, akaibonyezabonyeza, nayo ikashika vizuri mpaka siku niliyoondoka. Kilichonishangaza ni kwamba saa ya simu ilibaki nyuma kwa saa nzima, hata nikalikosa gari la asubuhi kwa kuiamini. Tangu nirudi nyumbani simu haishiki mtandao kabisa, inaandika tu "simu za dharura pekee". Nimeizima na kuiwasha mara nyingi. Fundi mmoja ameniambia antena imekufa, na anataka shilingi 45,000. Huu ni msimu wa korosho, na habari za malipo yangu kutoka chama cha msingi huja kwa simu hii. Je, nimpe?

Mama wa Mikindani

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa kuuguza. Usimpe fedha hizo kwanza, kwa sababu barua yako yenyewe imetaja dalili inayoelekeza kwingine kabisa.

Dalili hiyo ni saa. Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, yaani kwetu ikiwa saa mbili asubuhi, ng'ambo ya Ruvuma ni saa moja. Simu nyingi hujipangia saa kwa kufuata mnara zinaoushika, hivyo simu iliyorudi nyuma kwa saa nzima ukiwa Kilambo ilikuwa imeshika mnara wa Msumbiji. Mto hauzuii mawimbi ya redio, na jambo hili huwapata hata watu wa Newala wanaposimama ukingoni mwa uwanda, pale Shimo la Mungu, ambako bonde lote la Ruvuma na nchi ya pili viko wazi mbele yao. Mahali palipo wazi namna hiyo, mnara wa mbali huweza kufika vizuri kuliko wa karibu uliozibwa na mlima.

Yule kijana hakuwa na nia mbaya. Inaelekea alifungua orodha ya mitandao, akauona wa ng'ambo una nguvu, akauchagua kwa mkono. Simu iliyochaguliwa mtandao kwa mkono huendelea kuutafuta huo huo hata mahali usipokuwapo, na ndiyo maana yako hapo Mikindani, mji wenye minara, inaipita minara ya nyumbani na kubaki ikisubiri mnara ulioachwa mtoni. Maneno "simu za dharura pekee" yanakubaliana na maelezo haya, kwa kuwa yanaonyesha kwamba simu inaisikia minara iliyopo lakini haijajiandikisha katika mmojawapo. Antena iliyokufa kweli isingesikia chochote.

Fanya hivi. Ingia kwenye Mipangilio, tafuta sehemu ya mitandao ya simu, kisha mahali pa kuchagua mtandao, uirudishe kwenye uchaguzi wa kiotomatiki. Ukiwa hapo unaweza kuona orodha yenye tarakimu badala ya majina. Inayoanza na 640 ni ya Tanzania na inayoanza na 643 ni ya Msumbiji, kwa hiyo usiiguse hiyo ya pili. Baada ya hapo izime simu, iwashe, uiache itulie kwa dakika chache bila kuibonyeza, kwa sababu inapotafuta mtandao upya huchukua muda, na wengi hukata tamaa sekunde ya ishirini wakaanza kubadilisha mambo mengine. Angalia saa ya ukutani na saa ya simu: zikilingana tena bila wewe kuirekebisha, simu imerudi nyumbani.

Ikiwa haikurudi, tulitenganishe tatizo kabla ya kumwita fundi yeyote. Mtandao hupotea kwa sababu ya mahali, au laini, au simu, na vitu hivi vitatu hupimika bila gharama. Muulize jirani mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo kama yake inashika. Ikishika, mahali hapana kosa. Kisha itoe laini yako, uitie katika simu yake, na laini yake uitie katika simu yako. Laini yako ikikataa na kwake pia, tatizo ni laini, na ofisi ya kampuni itakupa nyingine yenye namba ile ile ukienda na kitambulisho chako cha taifa, kwani utapigwa alama za vidole. Laini yake ikikataa kwako, hapo ndipo simu inapostahili kushukiwa. Ningefurahi kama kila fundi angefanya jaribio hili mbele ya mteja kabla ya kutaja bei, kwa sababu anayelipia antena nzima huenda alihitaji kugusa mipangilio tu.

Unapoitoa laini, igeuze uitazame kwenye mwanga. Sisi wa pwani tunaishi na hewa ya chumvi, na vile vibati vya rangi ya dhahabu huanza kupata ukungu wa kijani au madoa meusi, hasa simu ikikaa kwenye kanga iliyolowa jasho. Visugue polepole kwa ufutio wa penseli, ule wa mwanafunzi, upulize mabaki, kisha upanguse kwa kitambaa kikavu. Usitumie mate wala maji, na usiingize sindano mahali laini inapokaa, kwani zile meno ndogo za ndani zikipinda, simu haitasoma laini tena mpaka ifunguliwe.

Jambo la mwisho kwako, mama. Safari nyingine ukienda Kilambo, zima huduma ya kutumia mitandao ya nje ya nchi. Ukiwa kwenye mnara wa ng'ambo, hata simu unayopigiwa huweza kukatwa fedha, na bando lako la kawaida halitumiki.

SWALI: Ninaishi kijijini Nachingwea. Ndani ya nyumba yangu simu haina mtandao, nikitoka uani unarudi. Pia umeme ukikatika muda mrefu, mtandao hupotea kijiji kizima. Je, simu yangu ni mbovu?

Mwalimu

JIBU: Mwalimu, simu yako ni nzima. Mabati hurudisha mawimbi ya redio kama kioo kinavyorudisha mwanga, na ukuta mnene huyapunguza zaidi, hivyo weka simu karibu na dirisha linalotazama upande wa mnara. Kama unahitaji kupiga na kupokea tu, iweke kwenye 2G au 3G mnapokuwa mbali na mnara. Simu iliyolazimishwa kushika 4G peke yake hubaki mtupu mahali ambapo mawimbi hayo hayafiki, na chaji huisha haraka kwa kutafuta. Kuhusu umeme, mnara nao hula umeme: unapokatika, hutegemea betri zake, sola au jenereta, na hivyo vikichoka huzimika. Hapo usirekebishe chochote kwenye simu, ila toeni taarifa kampuni, tena wengi, kwa kuwa malalamiko ya mtu mmoja huchukuliwa kuwa ni ya simu moja.

Usichanganye pia kukosa intaneti na kukosa mtandao. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipopata hitilafu, intaneti ilisumbua Afrika Mashariki huku kupiga simu kukiendelea, na watu wengi walifuta kila kitu kwenye simu zao bure.

SWALI: Nipo Lindi mjini. Juzi jioni laini yangu yenye akiba ilikufa ghafla, simu ya mke wangu ya kampuni hiyo hiyo ikawa sawa. Nisubiri?

JIBU: Usisubiri hata kidogo. Laini iliyokuwa ikifanya kazi, kisha ikafa peke yake huku za jirani zikishika, inaweza kuwa imesajiliwa upya na mtu mwingine kwenye laini mpya, na laini mpya inapoanza kufanya kazi, ya kwako huzimika. Piga 100 kwa simu ya mkeo sasa hivi, omba namba yako na akaunti ya fedha vifungwe, kisha nenda ofisini na kitambulisho. Ukisharudishiwa namba, badilisha neno la siri, halafu piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, iripoti ofisini kabla hujaondoka dirishani.