Uliza Tukujibu: Benki ya Ulaya ilifunga mlango wa gesi, sisi wa Hoima inatuhusu nini?

Swali: Habari za kazi dada. Mimi ni mwalimu hapa Hoima, nimesikia redioni kwamba benki ya wazungu ilikataa kukopesha miradi ya mafuta na gesi eti kwa ajili ya tabianchi. Ndio hao hao waliotupigia kelele kuhusu bomba letu? Na mbona wao wenyewe gesi wanaitumia mpaka leo? Nieleze kama unavyomweleza mtoto wa P5 maana kwenye chumba cha walimu tumebishana mpaka chai ikapoa. *Mwalimu, Hoima*

Jibu: Mwalimu wangu, poleni na chai. Kwanza tuwatenganishe hawa watu maana naona ubishi wenu umekwama hapo. Waliopitisha azimio la kulipinga bomba letu la EACOP, lile la kupeleka mafuta ghafi kutoka huku Hoima mpaka pwani ya Tanzania, mwezi wa tisa 2022 ni Bunge la Ulaya, na azimio lile lilikuwa na maneno makali lakini halina nguvu ya kisheria ya kusimamisha hata mtaro mmoja huku kwetu. Benki unayoisema ni Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, wengi wanaiita EIB, na hiyo ni nyumba nyingine kabisa, iko Luxembourg, ilianza 1958 na chanzo chake ni Mkataba wa Roma, na wenye hisa ni serikali za Umoja wa Ulaya, sasa hivi ni 27 baada ya Uingereza kutoka. Haiweki akiba za watu, huwezi kwenda pale na kitambulisho ukafungua akaunti. Inauza hatifungani, yaani hati za kukopa hela, kwenye masoko ya fedha, na kwa kuwa nyuma yake zimesimama serikali zote hizo wanunuzi hawana wasiwasi nayo, wanaikopesha kwa riba ndogo, nayo inakopesha miradi kwa riba ndogo. Kwa kawaida haitoi zaidi ya nusu ya gharama ya mradi, hiyo nusu nyingine mtafute wenyewe. Lakini mabenki mengine yakishaona EIB imeingia nayo yanapata moyo wa kuingia, kwa hiyo ikisema huu mradi siugusi, hasara ni zaidi ya ule mkopo wenyewe.

Sasa tuje kwenye hiyo sera yao ya kukataa mafuta na gesi, na hapa naomba usome taratibu maana utamu wote uko kwenye namba.

Chukua pasi ya umeme, ile ya wati 1,000, piga nayo nguo lisaa limoja bila kuzima. Umekula yuniti moja ya Yaka, ule umeme wetu wa kulipia kabla. Sasa jiulize, kutengeneza hiyo yuniti moja kuna hewa ya ukaa kiasi gani imetoka kwenye bomba la moshi huko kiwandani? Kama mtambo ni wa makaa ya mawe, ni kama kilo nzima. Kama ni wa gesi, tena ule mzuri wa kisasa, ni gramu 350 na kitu hivi kwenda 400. Mwaka 2013 EIB ilijiwekea kikomo cha gramu 550 kwa yuniti. Unaona walichofanya? Makaa ya mawe yakatoka, gesi ikapita raha mstarehe. Halafu tarehe 14 Novemba 2019 bodi yao ikashusha kikomo mpaka gramu 250, yaani robo kilo, kile kipimo unachonunulia sukari dukani. Kwa robo kilo mtambo wa kawaida wa gesi haupiti, labda uwe na njia ya kuikamata ile hewa isitoke au uchanganye na kitu kingine kisichochafua. Na wakaandika kwamba mwisho wa 2021 ndio mwisho wa kukopesha miradi ya mafuta, gesi na makaa isiyokuwa na namna ya kuzuia hiyo hewa.

Mimi hiyo ndiyo naipenda kwenye sera hii na nasema wazi. Hotuba za tabianchi tumezisikia nyingi sana, kila mkutano watu wanavaa suti wanasema tutajitahidi, tutapunguza, tutaangalia. Lakini namba ikishawekwa na tarehe ikishawekwa, hata wewe mwalimu wa Hoima unaweza kuchukua kalamu ukapima kama mradi fulani unapita au haupiti, huhitaji kumwamini mtu. Aliyekuwa rais wa benki wakati huo, Mjerumani Werner Hoyer, mwanzoni mwa 2021 alisimama akasema gesi imekwisha. Maneno mazito, lakini uzito wake ulitokana na zile gramu 250 zilizokuwa zimeshaandikwa.

Lakini swali lako la pili ni la haki, siwezi kulipita juu juu. Wao wenyewe je? Mwezi wa pili 2018, yaani mwaka mmoja na miezi kadhaa tu kabla ya ile sera, EIB hii hii iliidhinisha mkopo wa yuro bilioni 1.5 kwa bomba la gesi linaloitwa TAP. Bomba hilo lina kilomita 878, linapita Ugiriki, Albania, linazama chini ya bahari ya Adriatic linatokea Italia, na gesi yake inatoka Azerbaijan. Lilianza kazi mwishoni mwa 2020. Halafu rasimu ya kwanza ya sera ilitaka mlango ufungwe mwisho wa 2020, wakabishana, serikali nyingine zikavuta, ikasogezwa mwaka mmoja mbele, na kwa mwaka huo miradi ya gesi iliyokuwa kwenye foleni ikapata muda. Kwa hiyo mtu wa Buliisa au Kikuube, wilaya zetu za mafuta, akiwaambia wazungu nyinyi mlimaliza bomba lenu kwanza ndipo mkakumbuka tabianchi, sioni pa kumkosoa, tarehe zenyewe zinamtetea. Ila pia tusiende mbali tukasema sera yote ni uongo. Vita vya Ukraine vilipoanza 2022 gesi ilipanda bei Ulaya nzima, watu wanaogopa baridi, presha ya kufungua tena ule mlango ilikuwa kubwa, na benki haikuufungua. Badala yake ikatangaza yuro bilioni 30 za nyongeza kwa nishati jadidifu, nyaya za umeme na kupunguza matumizi. Walicholegeza ni kitu kingine, makampuni makubwa ya nishati ambayo bado yana miradi michafu yakaruhusiwa kukopa kwa ajili ya sola na upepo, ambapo kabla ya hapo yangewekewa masharti magumu. Hilo mimi halinifurahishi, maana kampuni ni mfuko mmoja, ukiipa hela ya sola inabakiwa na hela yake ya kuchimbia gesi. Najua wapo wanaosema bila makampuni hayo sola haitajengwa haraka, ni hoja, sijaikataa moja kwa moja, lakini kama ni kura yangu ningesema hapana.

Na uwaambie wenzako kwamba kukataa peke yake si sera. Mwaka 2020 walitoa mpango wao mwingine wa 2021 mpaka 2025, wakasema wanataka kusaidia uwekezaji wa yuro trilioni 1 kwenye tabianchi na mazingira kufikia 2030, na kwamba angalau nusu ya mikopo yao iende huko ifikapo 2025. Nusu hiyo waliivuka mapema. Upanuzi wa viwanja vya ndege nao wakautoa kwenye orodha.

Swali: Kwa hiyo mafuta yetu yatabaki ardhini? Nauliza kwa sababu kijana wangu anasomea welding akitegemea kazi za bomba. *Mwendesha boda, Masindi*

Jibu: Kaka, hapana, na usimtoe kijana shule, welding ni kazi popote. EIB haina sauti kwenye bomba la EACOP, na kwa hii sera bomba la mafuta ghafi haliwezi hata kufika mezani kwao. Lakini hela zilitafutwa kwingine. Wenye bomba ni TotalEnergies ya Ufaransa yenye asilimia 62, kampuni za mafuta za serikali ya Uganda na ya Tanzania asilimia 15 kila mmoja, na CNOOC ya China asilimia 8. Machi 2025 walitangaza fungu la kwanza la mikopo, na humo ndani kuna Afreximbank, Standard Bank ya Afrika Kusini na Stanbic ya hapa, KCB Uganda, na taasisi moja ya Kiislamu ya maendeleo ya sekta binafsi. Unaona hakuna benki ya Ulaya hapo. Kilomita 1,443 kutoka Kabaale mpaka Chongoleani karibu na Tanga, na lazima lipashwe moto njia nzima maana mafuta yetu ni mazito yanaganda, kwa hiyo hela inayotakiwa si ndogo, na mlango wa riba rahisi ukifungwa unaenda kwenye mlango wa riba ghali. Hiyo gharama ya ziada atailipa nani mwishoni, hilo ndilo swali ningependa wabunge wetu waulize kwa sauti.

Swali: Dada shikamoo. Nina kinu cha kusaga unga wa posho kinatumia dizeli, nataka kuhamia sola. Hii benki inayopenda tabianchi naweza kuiandikia? *Mama wa kinu, Kiryandongo*

Jibu: Marahaba mama, ingawa naona mimi ndiye ningekupa shikamoo. Kuiandikia moja kwa moja hapana, mkopo wao wa moja kwa moja ni kwa miradi mikubwa, kuanzia kama yuro milioni 25. Wanachofanya kwa watu wa chini ni kukopesha mabenki ya huku, nayo mabenki ya huku yanatukopesha sisi. Na hapo katikati, mama, ndipo mambo yanapoharibika.

Nikwambie ya mjomba wangu. Ana kinu kama chako, injini ya dizeli ile ya kuzungusha kwa mkono, kila asubuhi anafika mikono tayari myeusi mpaka kwenye kiwiko, jerikeni ya njano iko mlangoni na pembeni kuna daftari la shule amechora mistari miwili, magunia upande huu, lita upande huu. Mwaka jana tulikaa naye tukapiga hesabu kwenye lile daftari, tukaona karibu nusu ya anachoingiza kinaishia kwenye jerikeni. Nikamsindikiza benki moja mjini. Ukutani kuna bango la paneli za sola limependeza kweli kweli, nikasema tumefika. Afisa akatuuliza hati ya ardhi, mjomba hana, ardhi ni ya ukoo. Akauliza taarifa za benki za mwaka mzima, mjomba ana daftari. Riba aliyotutajia nilidhani nimesikia vibaya nikamwomba arudie. Tukatoka. Mjomba hakusema kitu mpaka tumefika stendi, halafu akaniuliza kama lile bango nalo lilichukua mkopo.

Kwa hiyo mama ushauri wangu ni huu. Usiende na maneno ya sola, nenda na hesabu ya dizeli, lita ngapi kwa wiki, magunia mangapi, miezi sita angalau. Anza leo kupitisha mauzo kwenye simu hata kama ni kidogo, ile rekodi inahesabika. Ukifika uliza hivi, mna mkopo wowote wa nishati safi unaotoka kwa wafadhili wa nje, na riba yake ni tofauti na ya kawaida? Uliza kwa maneno hayo hayo, maana mara nyingi upo na afisa wa dirishani haujui mpaka aulizwe. Na jaribu SACCO ya wilaya yako kabla ya benki, wao wanaijua ardhi ya ukoo ni kitu gani.

Swali: Hiyo benki imewahi kufanya kitu chochote Uganda au tunasoma habari za watu? Na wakikosea unawashitaki wapi? *Msomaji, Jinja*

Jibu: Ndugu yangu wa Jinja, wewe ndiye uko karibu nayo kuliko sisi wote. Bwawa la Bujagali, megawati 250, lililozinduliwa 2012, EIB ni mmoja wa waliolikopesha, pamoja na Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Maji ya Kampala nayo wameweka hela pamoja na Wajerumani na Wafaransa. Na tangu 2022 wana mkono maalumu wa kazi za nje ya Ulaya unaoitwa EIB Global, ofisi ya kanda yetu iko Nairobi.

Kuhusu kushitaki, wana dawati la malalamiko, mtu yeyote anaweza kulalamika, si lazima uwe raia wa Ulaya wala uwe na wakili, na haulipii. Malalamiko ya Bujagali yalipelekwa huko 2009, kwa hiyo njia si ngeni kwa Waganda. Andika jina la mradi, kijiji na wilaya, nini kimetokea na lini, na unataka wafanye nini. Usizidishe mwaka mmoja tangu ulipojua tatizo, wana kikomo hicho. Jibu lao lisipokuridhisha kuna ngazi nyingine juu, Mchunguzi Maalumu wa Ulaya, yule anayepokea malalamiko dhidi ya taasisi zao zote. Weka nakala ya kila karatasi, na piga picha shamba au nyumba kabla ya mashine kufika, si baada.