Mbwa ana homa na jicho limeingia ukungu: je, achomwe dawa ya ng'ombe?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Mkwaja, wilayani Pangani. Nina mbwa dume wa miaka mitatu, mlinzi wa shamba. Leo ni siku ya tano hagusi chakula, mwili unamchemka, amekonda, na jicho la kushoto limeingia ukungu wa rangi ya buluu. Kupe anao. Afisa mifugo wetu yuko safarini hadi wiki ijayo, na kumvusha mgonjwa pale Bweni hadi Pangani mjini ni kazi. Nimempa kidonge kimoja cha parasetamo. Jirani yangu mfugaji ana pakiti ya Berenil iliyobaki na yuko tayari kumchoma. Je, nimruhusu? Na nimhudumieje mbwa mpaka mtaalamu apatikane?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Jirani asimchome kwa sasa. Sisemi kwamba dawa ile haimfai mbwa, kwa maana inamfaa na huenda hatimaye ndiyo atakayopewa. Shida iko kwenye kipimo. Pakiti ya kawaida wanayonunua wafugaji imetengenezwa kumtosha ng'ombe wa kilo 300 hivi, kwa miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito. Mbwa wa kilo 15 anastahili sehemu moja tu ya ishirini ya pakiti hiyo, yaani chini ya mililita moja ya dawa iliyokwisha kuchanganywa. Mtu anayekadiria kwa macho, tena kwa bomba kubwa la kuchomea ng'ombe, humzidishia mara mbili au tatu bila kujua, na mbwa havumilii ziada hiyo: huyumba, hutetemeka, hushikwa na degedege, na anaweza kufa siku chache baadaye huku mwenyewe akiamini kwamba ni ugonjwa uliomshinda. Isitoshe, kama unga wa pakiti hiyo umekwisha kutiwa maji, kwa joto letu la pwani haudumu zaidi ya siku chache.

Maelezo yako yananielekeza kwenye nagana, ugonjwa uenezwao na mbung'o. Mnapakana na Saadani, na mbung'o wa vichaka vile ni wa siku nyingi. Ndio waliokuwa wakiisumbua ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja kabla haijafungwa na ardhi yake kuingizwa hifadhini. Homa inayopanda na kushuka, kukonda, upungufu wa damu, na hasa jicho kuingia ukungu, vyote vinakwenda na nagana. Hata hivyo kupe nao huleta homa zao, na jicho peke yake halitoshi kuamua. Angalia mkojo: ukiwa mwekundu au wa rangi ya kahawa, ninashuku zaidi babesia, ambayo huletwa na kupe. Tazama pia kama uso, miguu au korodani vimevimba, jambo linaloongeza uzito upande wa nagana.

Kabla ya kumshika mdomo, jiridhishe kuhusu kichaa cha mbwa. Ikiwa tabia yake imebadilika ghafla, anauma ovyo au anajificha gizani, taya limelegea, mate yanamtiririka au hawezi kumeza, usimnyweshe chochote. Mfungie mahali peke yake, watoto wasikaribie, na utoe taarifa kwa serikali ya kijiji. Aliyeng'atwa au kuingiwa na mate kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo.

Dalili hizo zisipokuwepo, kazi ya kwanza ni maji. Mbwa wa kilo 15 anahitaji takriban mililita 750 hadi 900 kwa siku, sawa na chupa mbili na nusu za soda, na zaidi ya hapo kama anatapika au anaharisha. Pakiti ya chumvi chumvi inayouzwa duka la dawa, ikikorogwa katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, inamfaa. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Asimame au alale kifudifudi, kichwa kikiwa sawa na mgongo. Vuta shavu kidogo pembeni upate kimfuko, umimine kidogokidogo humo huku ukimwacha ameze kila mara. Usimwinue kichwa juu kama anyweshwavyo ndama, maana maji yataingia kwenye mapafu. Akikohoa, acha. Mililita 20 kila robo saa zinafaa kuliko bakuli zima atakalolitapika.

Chakula kisilazimishwe. Mpikie wali laini kwa supu ya samaki au ya kuku, ukiondoa miiba na mifupa yote, na supu hiyo isiwe na kitunguu wala kitunguu saumu. Vitu hivyo huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na huyu wako hana za kupoteza. Kwa sababu iyo hiyo parasetamo isirudiwe: kidonge kimoja kwa mbwa wa uzito huo hakitarajiwi kumuua, lakini ukirudia unaumiza ini na kuipunguzia damu uwezo wa kubeba hewa. Diklofenaki na ibuprofeni ni mbaya zaidi, kwani hutoboa tumbo na kuharibu figo. Kupe watolewe mmoja mmoja kwa kibanio; dawa ya kuogeshea ng'ombe na mafuta ya taa visimguse mbwa dhaifu.

Asubuhi na jioni mpime joto kwa kipimajoto cha kawaida kilichopakwa mafuta, ukikiingiza kidogo njia ya haja kubwa. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likizidi 40.5, mlaze kivulini na umlowanishe tumbo na nyayo kwa kitambaa cha maji ya kawaida. Likishuka chini ya 37.5, fizi zikiwa nyeupe, au akipumua mbio hali amelala, safari ya Pangani haina mjadala. Piga simu kwanza ili mtaalamu akusubiri kivukoni, usije ukamzungusha mgonjwa mjini.

Simu yenyewe uiandae. Mtaalamu atahitaji uzito: panda na mbwa kwenye mizani ya wanunuzi wa nazi, kisha pima peke yako na utoe. Mweleze joto, rangi ya fizi na mkojo, siku za kuumwa, na kila dawa uliyompa, hata ile unayoona aibu kuitaja.

Kipimo cha uhakika ni damu kwenye hadubini. Anayejua kuandaa slaidi achukue tone kutoka ukingo wa sikio, alitandaze jembamba, likauke mbali na nzi, kisha ipelekwe maabara ya mifugo Tanga. Mji huo una utaalamu wa zamani katika jambo hili: madume ya mbung'o waliofanywa tasa na kurushwa Unguja kuanzia 1994, hadi kisiwa kikawa hakina mbung'o, walifugwa Tanga. Slaidi ichukuliwe kabla ya sindano yoyote, kwa kuwa dawa ikishaingia vimelea huweza kutoonekana ilhali hawajaisha.

Ikithibitika ni nagana na mbwa akachomwa kwa kipimo sahihi, hamu ya kula inaweza kurudi ndani ya siku chache. Usiishie hapo. Diminazini, yaani dawa iliyomo kwenye Berenil, haifiki vizuri kwenye ubongo na ndani ya jicho, ambako baadhi ya vimelea hujificha, kwa hiyo damu ipimwe tena baada ya wiki mbili, na mapema zaidi kama ukungu wa jicho utaongezeka au homa itarudi.