Koti la dunia chini ya Tibet si uji

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma jiolojia, mwaka wa kwanza. Nimesoma kuwa mawimbi ya matetemeko hugawanyika mawili chini ya Tibet, na hilo huonyesha koti la dunia linatiririka. Je, ni uji wa moto unaoinua Himalaya? Na kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu anauza utabiri wa matetemeko, anasema anafuatilia mtiririko huo. Tumwamini?

JIBU: Marahaba. Koti, yaani tabaka nene la mwamba kati ya gamba la nje na kiini cha dunia, si uji. Naulizwa hili kila muhula, na jibu limo ndani ya wimbi lenyewe. Wimbi la S, lile linalotikisa mwamba kwa upande, halipiti kwenye kimiminika. Wimbi linalotumika sana kupima mgawanyiko unaoutaja huitwa SKS: likifika kwenye kiini cha nje, ambacho kimeyeyuka, hulazimika kugeuka P, wimbi la kusukuma na kuvuta. Likirudi kwenye koti huwa S tena, likapanda karibu wima mpaka kwenye kipima-tetemeko. Koti lingekuwa uji, lisingefika.

Mwamba huo hutambaa ukiwa mgumu, kama chuma kwenye moto wa mhunzi: hakijayeyuka, lakini kinakubali kupinda. Ukitambaa, fuwele za olivini, madini makuu ya sehemu ya juu ya koti, hujipanga upande mmoja, na wimbi likipita humo hugawanyika mawili, moja likatangulia. Kaskazini mwa Tibet pengo la muda kati ya mawimbi hayo mawili limepimwa hadi zaidi ya sekunde 2. Kusini, ambako bamba la Uhindi, kipande kikubwa cha ganda gumu la dunia, linajisukuma chini ya Tibet, vituo vingi havioni pengo la maana.

Lakini pengo hilo halina tarehe. Ni jumla ya mwamba wote ambao wimbi limepita, na sehemu ya mpangilio huenda iliganda zamani sana. Tena hukupa mstari tu, si upande ambao mwamba unaelekea; kichwa cha mshale unachokiona kwenye ramani kimewekwa na mchoraji kwa ushahidi mwingine, au bila ushahidi.

Huyo wa WhatsApp msimpe hata senti. Tetemeko la Nepal la 25 Aprili 2015, ukubwa wa 7.8, lilianzia kina kisichofika kilomita 20, likapasua ufa wake kwa takriban dakika moja. Mpangilio wa olivini ni kazi ya mamilioni ya miaka. Hakuna anayeweza kuutazama akakutajia siku. Nepal walikufa karibu watu 9,000, wengi wakiangukiwa na nyumba za mawe na matofali zisizo na nondo. Muuza tarehe huwalaza watu nje usiku aliotaja, kisha kesho yake wanarudi kulala chini ya ukuta uleule.