Muulize Mwalimu: “Shule zimefunguliwa, ya wanangu bado ni kambi”

SWALI

Salamu Mwalimu. Mimi ni mzazi hapa Ahero, kaunti ya Kisumu, nina watoto watatu: mmoja gredi ya sita, mwingine gredi ya tatu, na mdogo yuko PP2, yaani chekechea. Nauza mchele sokoni. Mto Nyando ulipovunja kingo mwezi wa Aprili 2024 tulikimbilia shuleni pamoja na majirani. Maji yalipopungua nikarudi kwangu, nikatoa matope, maisha yakaendelea. Lakini shule haijarudi. Serikali ilitangaza shule zifunguliwe Mei 13, na sasa Juni inaisha. Familia ambazo nyumba zao zilianguka bado zinalala madarasani, vyoo vimezama, na kila nikimuuliza mwalimu mkuu jibu ni moja: “Mtajulishwa.”

Huyu mkubwa ameanza kwenda kufukuza ndege kwenye mashamba ya mpunga. Analipwa jioni na pesa anazileta nyumbani, na siwezi kukudanganya kwamba hazitusaidii. Vitabu vya shule alivyokuwa navyo vililowa, tunaambiwa tuvilipe. Tena umekuja ujumbe kwenye WhatsApp ya wazazi kwamba kila mtoto aje na shilingi 500 za ukarabati, asiye nazo asije. Dada yangu anaishi Marekani, ananiambia kwao theluji ikifunga shule watoto wanasoma kwa kompyuta siku hiyo hiyo. Sisi tuna simu moja na bando la shilingi 20. Nimechoka, Mwalimu. Nimpeleke huyu mkubwa kwa shangazi yake Nakuru akasome huko?

Mama wa Watatu, Ahero

JIBU

Mama, usimpeleke Nakuru. Naanza na hilo kwa sababu najua pengine nauli umeshaanza kuiweka kando.

Mtoto wa gredi ya sita anafanya KPSEA, tathmini ya kitaifa ya kumaliza shule ya msingi, mwishoni mwa mwaka, na jina lake baraza la mitihani, KNEC, wanalo chini ya shule yake ya Ahero. Hata akisoma Nakuru miezi hii yote, kwa kawaida atalazimika kurudi kufanyia mtihani pale alipoandikishwa. Atakuwa amebadilisha walimu, marafiki na nyumba, kisha arudi kama mgeni kwenye shule aliyoanzia. Na KPSEA yenyewe haimzuii mtoto kuingia gredi ya saba, kwa hiyo usiruhusu mtu akutishe nayo. Anachohitaji mwanao ni mwalimu wake, karibu na nyumbani, wiki hii.

Hasira yako ninaielewa, nami ninayo. Ila tuielekeze panapostahili. Kufunga shule kulikuwa sahihi. Muhula wa pili ulikuwa uanze Jumatatu, Aprili 29. Tangazo la kuahirisha lilitoka usiku wa kuamkia siku hiyo, wazazi wengi wakiwa wameshatuma watoto safarini, na hilo liliumiza. Lakini alfajiri hiyo hiyo maji yalishuka Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru, yakaua watu zaidi ya 40. Barabara na madaraja yalikuwa yakikatika. Mei 3 Rais akaahirisha tena bila kutaja tarehe, kisha ikaja hii Mei 13. Mpaka hapo mimi sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu unaanza Mei 14, kwa watoto wa tambarare yetu ya Kano, hapa Ahero, ambao tangazo la kufungua halikuwahusu na hakuna aliyekuja kuwaambia hivyo uso kwa uso.

Neno “mtajulishwa” ndilo linalokuchosha kuliko maji yenyewe. Mwalimu mkuu huenda hana tarehe ya kukupa, na nitakueleza kwa nini. Udongo wetu wa Kano ni ule mweusi unaoshikilia maji. Uwanja unaweza kuonekana mkavu, watoto wakachezea mpira juu yake, na bado ukichimba kidogo tu unakuta maji. Choo cha shimo kikishafurika kwenye udongo huo, uchafu hupanda juu na kuingia visimani, na shimo hubaki limejaa hata wiki nyingi baada ya mto kurudi mahali pake. Hapo ndipo kipindupindu kinapopata njia. Afisa wa afya ya umma hawezi kukubali watoto mia kadhaa warudishwe mahali pasipo na choo wala maji safi, na hata mimi nisingekubali. Ongeza juu yake familia zinazolala madarasani: hazina pa kwenda, na kuwatoa kwa nguvu ili watoto wengine wasome ni kuhamisha msiba kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Kwa hiyo mkiendelea kuuliza “shule itafunguliwa lini?” mtaendelea kujibiwa vile vile. Ulizeni swali lingine: “Watoto wetu watasomea wapi Jumatatu?”

Fikiria, mama. Walimu wa shule yenu wameajiriwa na tume ya walimu ya serikali, TSC, na mshahara wao haukatiki kwa sababu ya mafuriko. Wapo. Watoto wapo. Kinachokosekana ni paa, choo na maji ya kunywa. Kanisa lililo kwenye mwinuko linavyo vyote vitatu, na siku za kazi huwa tupu. Shule jirani ambayo haikuzama inaweza kuwapokea kwa zamu, wao asubuhi, nyinyi mchana.

Nimefundisha hivyo mimi mwenyewe katika mafuriko ya miaka ya nyuma. Tulikuwa kanisani, madarasa mawili yamepeana migongo. Ubao mmoja umeegemezwa kwenye madhabahu na mwingine kwenye mlango. Watoto walipiga magoti sakafuni, daftari likiwa juu ya benchi. Mvua ikigonga mabati hakuna aliyesikia lolote, basi tulikuwa tukiacha kusema, tunaandika hesabu ubaoni, watoto wanazifanya kimya hadi mvua ipungue. Haikuwa shule nzuri. Lakini jioni kila mtoto alirudi nyumbani na kazi iliyosahihishwa kwa kalamu nyekundu, na wazazi wakaona.

Kamwone mwakilishi wa wazazi wa darasa la mwanao na umwombe waitishe mkutano wa chama cha wazazi pamoja na bodi ya shule. Msiende mmoja mmoja, kwa maana mzazi mmoja huambiwa asubiri. Mwiteni chifu, maana kambi iko mikononi mwake, na mwiteni mchungaji au padri mwenye jengo. Mkikubaliana mahali, andikeni barua fupi kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ya Nyando: tunaomba ruhusa watoto wetu wasomee mahali fulani kuanzia tarehe fulani. Anayepelekewa pendekezo lililo tayari hana budi kusema ndiyo au hapana, na hata hapana ina sababu mnayoweza kuijibu.

Sasa hizo shilingi 500. Hapa nasema kwa sauti, na wazazi wengine wasome. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, inakataza karo ya masomo katika shule ya umma. Malipo mengine yanaweza kuruhusiwa kwa idhini ya Waziri, lakini sheria hiyo hiyo inasema hakuna mtoto atakayekataliwa shuleni kwa kuwa mzazi hajayalipa. Tena hakuna anayeruhusiwa kukusanya pesa bila kutoa risiti rasmi. Ujumbe wa WhatsApp si idhini, na wala si risiti. Wazazi wakiamua wenyewe kuchanga, kila mtu kwa uwezo wake, au kuleta jembe na nguvu zao Jumamosi, hilo ni jambo la heshima na nitalisifu. Lakini “asiye nazo asije” ni maneno yasiyo na nguvu ya sheria. Usiyaogope, na usimwache mtoto nyumbani kwa ajili yake.

Pesa ya ukarabati ina mahali pake pa kuombwa. Sheria ya hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, ile NG-CDF ya mwaka 2015, inataka asilimia 5 ya fedha iachwe bila kupangiwa kazi ili itumike kwa dharura. Vyoo vya shule vilivyozama ni dharura, hakuna atakayebisha. Bodi ipeleke ombi kwa kamati ya eneo bunge na picha za vyoo na madawati, nanyi wazazi muulize kwenye mkutano kama ombi limekwenda na lilikwenda lini. Vyoo vipya vijengwe juu ya tuta, sakafu ikiwa juu ya alama ya maji iliyobaki ukutani. Alama hiyo bado mnaiona. Pigeni picha kabla ya kupaka rangi.

Vitabu usilipe kabla ya kujaribu kuviokoa. Ukurasa ukiwa umelowa usiufungue kwa nguvu, utachanika au wino utabaki upande wa pili. Simamisha kitabu kwa makali yake ya chini, kikiwa kimefunguka kidogo, kivulini mahali penye upepo. Usikiweke juani wala karibu na jiko, kwa sababu karatasi ile inayong’aa hushikamana kabisa. Nje ikianza kukauka, penyeza gazeti kuukuu kila baada ya kurasa chache, na ulibadilishe likishalowa. Matope yaache yakauke kabisa, ndipo uyapukute kwa brashi ya viatu. Mwisho kilaze chini ya gunia la mchele usiku mzima. Kitabaki na mawimbi na harufu, lakini kitasomeka, na kitabu kinachosomeka mrudishie mwalimu.

Nije kwa kijana na ndege, kwa kuwa hilo ndilo lililoninyima amani katika barua yako. Mwaka 2020 shule zilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya Corona. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 12, wengine wakangoja hadi Januari 2021. Nilikuwa nikiita majina darasani na kuna wavulana ambao hawakuitika. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa kwenye boda boda, kwenye mchanga, kwenye mashamba. Hakuna aliyekaa siku moja akaamua kuacha shule. Walianza kama mwanao, kwa kusaidia nyumbani.

Sikulaumu kwa pesa ile. Watoto watatu wanataka kula. Ninachokuomba ni kwamba kazi yake iwe na mpaka anaoujua tangu leo. Ndege hushuka mpungani asubuhi na jioni, mchana wa jua kali hutulia vichakani. Mchana huo awe nawe sokoni. Mkabidhi gorogoro, lile kopo la kupimia mchele, na daftari. Gunia la kilo 50, gorogoro moja ikiwa kilo 2, linatoa gorogoro ngapi? Umenunua gunia kwa bei hii, unauza gorogoro kwa ile, faida ni ngapi, na ukitoa pesa ya kubebesha inabaki ngapi? Hiyo ni hesabu ya gredi ya sita kamili, na wewe unaijua kuliko walimu wengi. Jioni amsomee wa gredi ya tatu ukurasa mmoja kwa sauti, kisha mdogo amsimulie yaliyosomwa, kwa Kiswahili au kwa Dholuo, lugha yoyote. Huyo wa PP2 mwache acheze, mradi asicheze kwenye maji yaliyotuama, maana kichocho na nyoka bado vipo. Na kijana aambiwe waziwazi, mbele ya mwenye shamba ikiwezekana, kwamba siku kengele itakapolia, iwe kanisani au wapi, kazi ya ndege imekwisha.

Kuhusu dada yako, asikutie unyonge. Ni kweli kwamba kule Marekani shule nyingi huweka siku za akiba kwenye kalenda kwa ajili ya theluji, na tangu Corona baadhi huhamishia masomo mtandaoni. Lakini Februari 13, 2024, jiji la New York lilipofanya hivyo kwa sababu ya dhoruba ya theluji, wanafunzi na walimu wengi walishindwa kuingia asubuhi kwa kuwa mtambo ulilemewa, na wazazi wakakasirika kama wewe. Ninachowaonea wivu ni zile siku za akiba. Nyando hufurika mara kwa mara, mvua za Machi hadi Mei zikizidi kila mtu hapa anajua kinachofuata, na bado kalenda ya shule ya Kano ni ile ile ya mahali pasipofurika. Hilo nalo lipelekeni kwenye bodi, ila si leo. Leo tafuteni paa.

SWALI

Mwalimu, binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya bweni Nakuru. Aprili 28 nilimpandisha matatu hapa Kakamega, kesho yake nikamtumia nauli ya kurudi. Alikaa nyumbani hadi Mei 13. Chakula cha wiki mbili hakukila shuleni. Je, nipunguze karo mwenyewe?

Baba wa Kakamega

JIBU

Pole kwa nauli mbili, ndugu yangu. Usipunguze mwenyewe, maana binti ndiye atakayesimamishwa langoni na sanduku lake. Karo ya shule ya umma hupangwa kwa mwaka mzima na kugawanywa kwa mihula kwa uwiano wa 50:30:20, na imegawanywa kwa kasma: bweni na chakula peke yake, maji na stima peke yake, na kadhalika. Mwandikie mwalimu mkuu, nakala kwa mwenyekiti wa chama cha wazazi, uulize jambo moja tu: muhula umeongezwa siku mwishoni kufidia zile zilizopotea, au la? Ikiwa umeongezwa, chakula chake atakila mwezi wa Agosti na hakuna unachodai. Ikiwa haukuongezwa, omba bodi iamue kiasi cha bweni na chakula kihamishiwe muhula wa tatu kwa wanafunzi wote, si kwa wako peke yake. Peleka barua hiyo kwa mkono siku ya kutembelea watoto, na uombe igongwe muhuri wa kupokelewa.