Dada yako akaimu ukuu wa idara, au asubiri?

Mleta uzi, umesema dada yako ni mhadhiri chuo cha umma, kamaliza uzamivu mwaka juzi, ana mtoto wa miezi tisa, na wiki iliyopita kaitwa kwa Rasi wa Ndaki, yaani mkuu wa kundi la idara chuoni, akaambiwa ajiandae kukaimu ukuu wa idara. Unauliza akubali au aombe muda. Waliotangulia karibu wote wamesema akubali kwa sababu wanawake wanaweza. Kuweza sidhani kama ndiko kunakomnyima usingizi. Mimi kiti hicho nimekikalia, chuo sitakitaja, miaka mitatu kasoro miezi miwili, na siku zote hizo niliitwa Kaimu.

Nianzie kwenye ukaimu maana ndipo nilipoumia. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka mtu asikaimu zaidi ya miezi sita. Mimi niliambiwa kwa simu, barua ikaja wiki tano baadaye, na haikuwa na tarehe ya mwisho. Aliyenitangulia, mwanamume, aliteuliwa moja kwa moja. Aliyenifuata vivyo hivyo. Nilikuja kujua kwa katibu muhtasi, ambaye pale hapitwi na kitu, kwamba wanaume watatu walikuwa wamekikataa kiti kabla yangu. Idara ilikuwa na malimbikizo ya posho za masomo ya jioni, walimu wawili hawasalimiani, na mitaala ilitakiwa iende Tume ya Vyuo Vikuu ndani ya miezi minne. Nilipewa nyumba inayovuja, na mimi nikashukuru kupewa nyumba.

Halafu kuna hili la kuitwa "Mama". Kwetu ni heshima, najua, na mwanzoni nililifurahia. Lakini kikaoni wenzangu walikuwa Dokta fulani na Profesa fulani, mimi nikawa Mama, na uzamivu ninao kama wao. Kikao changu cha kwanza cha wakuu wa idara tulikuwa tisa, mwanamke peke yangu. Mhudumu akaweka sinia ya chai mezani, akatoka. Hakuna aliyesema neno. Sinia ikasogezwa kidogo kidogo, mkono hadi mkono, ikafika mbele yangu. Nikamimina. Nilimimina vikombe tisa huku ajenda ya fedha za mafunzo kwa vitendo ikijadiliwa na kupitishwa, na idara yangu ikapata kidogo kuliko zote. Mwezi uliofuata iliponifikia niliisukuma kwa jirani yangu wa kushoto. Ikazunguka meza nzima, chai ikapoa. Baada ya hapo kila mtu akawa anainuka kujimiminia.

Umama huo una kazi zake ambazo hakuna barua inayozitaja: kukusanya rambirambi, kumuaga mstaafu, kusikiliza wasichana wanaoingia, wanafunga mlango na kuanza kulia. Mmoja aliniambia mwalimu kamwambia alama zake "zinazungumzika". Nilimweleza kuwa rushwa ya ngono ni kosa la jinai, ipo kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Akakataa kuandika. Mwalimu mwenyewe alinizidi cheo, na jalada langu la kupandishwa lingepita mezani kwake. Niliishia kuhakikisha karatasi za yule binti zinasahihishwa na mtu mwingine. Sijivunii.

Sasa kisa chenyewe. Mzee mmoja idarani alikuwa na kozi mbili za jioni, zile za kulipwa, miaka sita mfululizo, na aliyekuwa anaingia darasani ni mhadhiri msaidizi wake. Nikagawa upya: kozi moja nikampa yule kijana aliyekuwa anaifundisha kweli. Mzee hakuja ofisini, hakuandika hata dokezo. Alimpigia simu mume wangu. Waliwahi kukaa kamati moja ya harusi huko Tabata. "Shemeji, hebu ongea na mama watoto, mambo ya ofisi naona yanamzidi." Mume wangu ni fundi umeme wa magari. Akamjibu kwamba bosi wa idara ni mkewe, yeye hata funguo ya ile ofisi hana. Aliponisimulia nilicheka sana. Usiku ndiyo usingizi ukakataa. Nilikuwa namfikiria mwanamke ambaye mumewe angejibu "sawa, nitaongea naye". Na asiye na mume wangempigia nani, baba yake?

Kuna mchangiaji hapo juu kasema haya ni mambo ya kale. Miaka ya 1970 Wangari Maathai, ambaye 1976 alikuwa mkuu wa idara ya anatomia ya mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi, ilibidi apiganie wahadhiri wanawake wapate stahili sawa na wanaume, nyumba ikiwemo, maana aliyeolewa alihesabiwa kuwa mumewe ndiye wa kumtafutia pa kulala. Weka hilo kando ya ile simu ya Tabata uone umbali tuliotembea. Wapo waliofika juu, sikatai. Olive Mugenda aliongoza Chuo Kikuu cha Kenyatta kuanzia 2006, akakaa miaka kumi. Hapa kwetu Tanzania Profesa Esther Mwaikambo alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Kairuki, yaani mtendaji mkuu wake, na Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Penina Mlama alishika taaluma yote ya chuo. Ila Mlimani hiyohiyo, kuanzia Msekwa 1970 mpaka Anangisye alipoingia 2017, kiti cha Makamu Mkuu hakijakaliwa na mwanamke.

Na si wanawake tu. Mwenzangu mmoja, mratibu wa shahada za uzamili, ana uoni hafifu. Makabrasha yalikuwa yanagawiwa mlangoni kikao kinapoanza, kurasa mia na kitu, maandishi ya kuchungulia. Aliomba atumiwe kwa barua pepe siku mbili kabla, akasoma kwa kukuza herufi kwenye kompyuta yake. Wakasahau, wakasahau tena. Tathmini ya mwaka ikaandikwa "hachangii vikaoni". Mambo mengine hata matusi hayahitaji.

Turudi kwa dada yako. Kitakachomgharimu ni makala. Kupandishwa cheo chuoni ni machapisho, na hakuna anayekupa alama kwa kutuliza ugomvi wa walimu wawili. Nilitoka na makala moja. Wenzangu tuliomaliza pamoja, ambao hawakuitwa kuongoza chochote, sasa ni maprofesa washiriki. Mimi bado Mhadhiri Mwandamizi. Kwa hiyo akikubali, na mimi ningemwambia akubali, apunguziwe ufundishaji ibaki kozi moja, na hilo liandikwe. Aulize mapema nani anaidhinisha masurufu ya idara. Kama si yeye, atakuwa anabeba lawama za fedha asizozigusa. Vikao vya saa kumi alasiri huisha saa moja usiku, na mtoto wa miezi tisa hasubiri "mengineyo". Aombe viwe asubuhi. Mimi niliona haya kuomba, na nilipoomba mwaka wa pili walikubali siku hiyohiyo, kumbe hata wanaume walikuwa na foleni zao za kuwahi.

Barua ikitoka, mtazame kwanza kama neno "kukaimu" lina tarehe ya mwisho. Kama halina, aandike dokezo la kuiomba, kwa heshima zote, alipitishie masijala, na asiondoke dirishani bila nakala yenye mhuri.